Kutoka droo ya kadi hadi Koha: yanayowakwamisha wakutubi

Maktaba ikiamua kuhamia kompyuta, kawaida huanza na semina ya siku mbili: projekta, slaidi, chai, cheti. Jumatatu ikifika, mkutubi anakaa mbele ya mfumo na kitabu chake cha kwanza, na kinachomkwamisha hakikutajwa kwenye slaidi hata moja. Tarakimu za ISBN, ile namba ya utambulisho inayochapwa kwenye kitabu, zimegeuka. Skana inapiga mlio lakini hakuna kilichoandikika. Kitabu kiko rafuni, na mfumo unasema hakipo. Haya ndiyo ya kufundishwa kwanza, tena yafundishiwe palepale kauntani, kitabu kikiwa mkononi.

Nachukua Koha kuwa mfano kwa sababu ndiyo inayowezekana kwa maktaba yenye bajeti ndogo, iwe ya shule huko Kisauni, Mombasa, au ya chuo mjini. Ni programu huria ya kuendeshea maktaba. Ilizaliwa New Zealand mwaka 1999, maktaba za Horowhenua zilipogundua kuwa mfumo wao wa zamani usingevuka mwaka 2000, na jina lenyewe ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Leseni hailipiwi. Kompyuta ya seva, stima, intaneti na fundi wa kuitunza vinalipiwa, na ni vizuri mwenye shule aambiwe hivyo mapema.

Tuanze na skana. Kwa kompyuta, skana ni kibodi tu: inasoma ile mistari myeusi, inaandika tarakimu haraka, kisha inabonyeza Enter yenyewe. Kwa hiyo mtu akisema skana imekufa, fungua Notepad, piga kitabu kimoja. Tarakimu zikitokea, skana ni nzima. Tatizo ni kwamba kistari kinachopepesa hakikuwa ndani ya kisanduku kinachotakiwa. Zikitokea alama za ajabu badala ya tarakimu, lugha ya kibodi imebadilishwa, pengine kuwa ya Kifaransa. Na ile Enter ya mwisho ina hila yake: kwenye baadhi ya fomu inahifadhi rekodi kabla hujaijaza. Skana nyingi huja na kijitabu chenye mistari ya mipangilio. Ukipiga mstari unaofaa, Enter inaondoka. Msikitupe kijitabu hicho.

Lebo za mistari hiyo, zinazobandikwa kwenye vitabu, nazo zina shida ya pwani. Karatasi inayochapwa kwa joto peke yake, kama ya risiti ya supamaketi, hufifia au huwa nyeusi kwa joto na mwanga. Tumia lebo za printa ya leza au ya utepe wa wino. Ukiifunika lebo kwa plastiki inayong'aa, usiielekezee skana wima kabisa. Iinamishe kidogo, la sivyo mwanga unarudi na mistari haisomeki.

Sasa ISBN. Vitabu vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10, na ya mwisho inaweza kuwa herufi X. Kuanzia Januari 2007 ni tarakimu 13. Kosa ninaloliona ni kubwa kuliko linavyodhaniwa ni hili: mtu anachukua ile ya 10, anaweka 978 mbele, anaacha tarakimu ya mwisho kama ilivyo. Haifai. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, na lazima ikokotolewe upya. Chukua 12 za mwanzo, zidisha kwa 1, 3, 1, 3 hadi mwisho, jumlisha, kisha tafuta kinachokosekana kufika kwenye kumi inayofuata. Jumla ikiwa 93, tarakimu ni 7. Ikiwa 90, ni 0. Hesabu hii hunasa kosa lolote la tarakimu moja. Hunasa pia tarakimu mbili jirani zilizopishana, isipokuwa zile zinazoachana kwa 5: ukiandika 27 badala ya 72, itapita bila kelele. Ndiyo maana kupiga skana ni bora kuliko kuandika kwa mkono. Na mchapishaji akichapa ISBN yenye makosa, usiirekebishe kimyakimya. Iweke kwenye uga 020, mahali pa ISBN kwenye rekodi ya kitabu, lakini katika sehemu ya z, ambayo ndiyo ya namba batili. Msomaji mwingine ataitafuta vilevile ilivyochapwa.

Excel ndiyo inayoharibu kazi ya wiki nzima kwa dakika moja. Maktaba nyingi huorodhesha vitabu kwenye jedwali kwanza, ndipo ziingize kwa mkupuo. Ukiandika ISBN ya Kenya inayoanza 978-9966 bila vistari, Excel inaona ni namba kubwa na kuionyesha 9.78997E+12. Hapo bado tarakimu zipo ndani. Ukihifadhi kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, ndipo zinapotea: faili inaandikiwa kile kilichoonekana, na vitabu vyote vya 9966 vinakuwa na namba moja, 9789970000000. Hakuna kitufe cha kuzirudisha. Namba za lebo nazo, kama 00001234, zinabaki 1234, na kesho skana ikisoma 00001234 mfumo unasema haukijui kitabu hicho.

Dawa ni kuipa safu nzima muundo wa Text kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza. Ukibadilisha baadaye, sufuri za mbele hazirudi. Na faili ya CSV usiifungue kwa kuibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, ingia Data, chagua From Text/CSV, na uiambie Excel kuwa safu ya ISBN na ya lebo ni Text. Mfundisheni kila mtu hatua hizi kwa faili ya mazoezi yenye vitabu kumi, aiharibu makusudi, aone kwa macho yake.

Kiswahili kina mtego wake ambao vitabu vya mafunzo vya kigeni havitautaja. Ni ng'. Kompyuta inajua alama mbili: ' iliyonyooka na ’ iliyopinda. Word na simu nyingi huipinda zenyewe. Kwa jicho la mtu, ng'ombe na ng’ombe ni neno moja. Kwa mfumo huenda yakawa mawili, na mwanafunzi atakayeandika kwa alama ya pili ataambiwa kitabu hakipo. Amueni moja, nami naona iliyonyooka inafaa kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kibodi. Kwenye Word, ikipinda tu bonyeza Ctrl na Z, itanyooka; au zima kabisa kupinda kwenye mipangilio ya AutoCorrect. Kisha jaribuni wenyewe kutafuta kwa njia zote mbili, kompyutani na kwenye simu, maana wasomaji wengi watatafuta kwa simu.

Majina ya pwani yanataka uamuzi wa namna hiyohiyo. Abdalla, Abdallah na Abdulla aweza kuwa mwandishi mmoja. Jina lenye bin halina ukoo kwa maana ya Kizungu, na kulipanga chini ya herufi B kwa sababu ya "bin" ni kulizika. Chagueni umbo moja kwa kila mwandishi, mengine yawekwe kama rejea kwenye rekodi ya jina. Daftari moja la maamuzi kauntani linatosha kwa kuanzia.

Stima ikipotea, kazi isisimame. Weka daftari lenye safu nne: saa, namba ya msomaji, namba ya kitabu, na K kwa kukopa au R kwa kurudisha. Stima ikirudi, ingiza kwa mpangilio uleule wa saa. Ukianza na mikopo yote ndipo urudishaji, kitabu kilichorudishwa saa nne na kukopwa na mwingine saa tano kitavurugika: urudishaji wa mwisho utafuta mkopo wa yule wa pili, na kitabu kitaonekana kiko rafuni. Kama unaingiza siku ya pili, weka tarehe halisi ya kurudishwa, msomaji asitozwe faini ya siku ambayo si yake.

Koha ikiwa imesimikwa kwa pakiti za Debian, aina moja ya mfumo wa Linux, hujitengenezea nakala za akiba kila siku ndani ya /var/spool/koha. Lakini hiyo ni diski ileile. Diski ikifa, na nakala zimekufa. Mtu mmoja mwenye zamu azihamishe nje ya jengo, na kila muhula nakala moja ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuthibitisha kuwa inafunguka.

Kila mfanyakazi awe na akaunti yake na nywila yake. Akaunti moja ya wote inamaanisha rekodi ikifutwa haijulikani nani alifuta, na ndugu mmoja atalaumiwa bure. Orodha ya waliochelewesha vitabu isitumwe kwenye kundi la WhatsApp: kujua nani anasoma nini ni taarifa binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mwisho ni wale wanaokuja kuomba msaada wa eCitizen (huduma za serikali), iTax (kodi) au HELB (mikopo ya masomo). "Dada, niandikie tu, mimi sijui." Mgeuzie kibodi. Aandike nywila mwenyewe, wewe mwonyeshe mahali kwa kidole, na PIN ya M-Pesa usiiangalie kabisa. Mfungulie dirisha la wageni kwenye kivinjari, ambalo likifungwa linasahau akaunti yake. Kitu kimoja halisahau: faili aliyoipakua. Nakala ya kitambulisho, cheti cha KRA (mamlaka ya kodi), barua ya mkopo, vyote vinabaki kwenye folda ya Downloads vikimngojea anayefuata. Anayefunga jioni aifungue folda hiyo kwenye kila kompyuta, afute kilichomo, kisha amwage na Recycle Bin.