Simu ya mtu ni chumba chake cha ndani

Jumatatu iliyopita, saa mbili na robo asubuhi, mhasibu wetu alinipigia mimi, fundi wa mitandao wa ofisi. "Mwanangu, kompyuta haishiki mtandao, na leo ndiyo siku ya malipo." Nikapanda ngazi hadi ghorofa ya pili. Mtandao ulikuwepo, ila umejaa. Ruta yetu, kile kisanduku kinachogawa mtandao, ina anwani 253 za kugawa, moja kwa kila chombo kinachoingia, na zote zilikuwa zimeshachukuliwa. Sisi watumishi tuko 43.

Nikakaa pale pale ngazini, kompyuta mapajani, nikaanza kuzipitia moja moja. Kompyuta za kazi 31, printa 4, zilizobaki zote simu: zetu, za wageni wa wiki iliyopita, na za vijana wanaokaa barazani chini ya dirisha la masijala. Paswedi ilikuwa moja kwa wote, imebandikwa ukutani masijala tangu mimi sijaajiriwa. Na siku hizi hata kuitamka hakuna haja: simu inaonesha ule mraba wa vidoto, mwengine anaupiga picha, keshaingia. Tena ruta ilipangwa kumshikia kila mtu anwani yake kwa siku 8, hata aliyepita dakika tano kuleta barua.

Nikazifuta za waliokwisha kuondoka, siku 8 nikazifanya saa 2, mhasibu akalipa watu. Hilo lilikwisha kabla ya chai. Mabishano ya baada yake ndiyo yaliyokula wiki nzima.

Mkuu wetu alitaka moja kati ya mawili: simu binafsi zipigwe marufuku ofisini, au kila simu itiwe programu ya usimamizi ili ikipotea tuifute tukiwa mbali. Nikamwambia kwa adabu kwamba la kwanza halitashikika, kwa sababu nusu ya kazi zetu zinapita kwenye simu hizo hizo, na la pili sitalifanya kwa mkono wangu.

Nilishapata kulifanya zamani, mara moja tu. Nilikuwa ofisi nyengine, hapa hapa Unguja, na tuliunganisha barua pepe za kazi kwenye simu za watumishi. Ukiunganisha, simu inakuomba ruhusa, na watu wanabonyeza bila ya kusoma. Ndani ya ruhusa ile mlikuwa na haki ya ofisi kuifuta simu nzima. Siku moja dada mmoja akaja mbio, simu kaisahau ndani ya daladala la Fuoni. Inaita, haipokelewi. Taratibu zilisema ifutwe, nikaifuta. Jioni konda akaiona, akaileta mwenyewe mpaka mlangoni. Dada akaiwasha mbele yangu, na kioo kikamuuliza anataka lugha gani, kama kwamba imetoka dukani leo. Akaikodolea macho, kisha akaniuliza: "Na sauti za mama?"

Mama yake alikuwa amefariki mwezi wa Shaabani. Kila asubuhi alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti, kumuamkia na kumuombea dua, na dada alikuwa kaziweka zote mle. Hakuwa na nakala pengine. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na mimi sijapata kulisahau.

Kisha kuna jambo ambalo hapa kwetu halihitaji maelezo marefu. Simu ya mwanamke ina picha za singo, pale bibi harusi anaposuguliwa manukato, za harusi, za nyumbani bila ya mtandio, ambazo hata shemeji yake hazioni. Nani aliyesema fundi wa mitandao awe na ufunguo wa humo? Programu zinazosimamia simu nzima zinaweza kumuonesha msimamizi orodha ya programu alizonazo mtu, na nyengine hata mahali alipo. Kama lazima barua za kazi ziwe kwenye simu ya mtu, Android tangu toleo la 5, la mwaka 2014, ina upande wa kazi uliotengwa na upande wa mwenyewe. Ofisi inafuta wa kwake, picha hazigusi. Hapo nakubali.

Kilicho chetu ni mtandao, na huo ndio tulioushughulikia. Waya ule ule sasa unabeba mitandao mitatu: wa kazi, wa watumishi, wa wageni. Simu haiwezi tena hata kuiona kompyuta ya mhasibu. Wa wageni una kasi ndogo na paswedi inayobadilishwa kila asubuhi. Kwenye ule wa watumishi kila mtu anaingia kwa jina lake na paswedi yake, basi akiacha kazi naondoa jina moja, wengine hawasumbuliwi.

Aliyenitangulia aliniachia daftari la namba za MAC, zile ambazo simu hujitambulisha nazo kwenye waifai, kaziandika kwa mkono, ili zisizomo zizuiwe. Kazi ya subira kweli, lakini imepitwa: tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya iPhone ya 2020, simu kwa kawaida inaupa kila mtandao namba ya kubuni. Utaitambua kwa herufi yake ya pili, ambayo ni 2, 6, A au E. Ukifungua orodha yetu leo zimejaa hizo. Mimi sioni ubaya, kwani zinamkinga mtu asifuatwe kila anakopita.

Kilichobaki kinachonitoa jasho ni kuta. Nyumba yetu ni ya Mji Mkongwe, mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unaingia mkono mpaka kiwiko. Mawimbi ya waifai ya 5 GHz yanafia chumba kile kile. Ya 2.4 yanapenya kidogo, lakini chaneli zake, yaani njia, zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na nyumba za wageni zilizotuzunguka zimeshazijaza zote. Nimeomba kisanduku cha waifai kwa kila chumba, nguvu ikiwa ndogo. Bajeti nangojea.

Jana bibi wa masijala alikibandua kile kikaratasi cha paswedi, kikatoka na kipande cha chokaa. Nikamuamkia, nikakaa naye kumfungulia akaunti yake. Tulipofika pa kutia paswedi akaninyooshea simu: "Mwanangu, niandikie wewe, mimi macho hayanisaidii."

"Bibi, hii usimwambie mtu, hata mimi." Nikamkuzia maandishi, nikamrejeshea simu yake mkononi, nikageukia ukutani mpaka aliponiita.