Jioni ya Kupanga Taa Kabla ya Kuvuka Mpaka

Breki, oili na feni belti vilishughulikiwa wiki kadhaa kabla, maana kifaa kipya kinatakiwa kitembee kwanza. Kama kitavuja, kivujie karibu na fundi. Jioni ya mwisho tuliiachia taa.

Gari lilikuwa la usukani wa kulia, na kule tulikokuwa tunaelekea magari hupita kulia. Mwanga wa dimu haulingani pande zote: huinuka kidogo upande wa ukingo wa barabara ili watembea kwa miguu waonekane. Ukihamia upande wa pili, huo ulioinuka unampiga machoni anayekuja mbele yako.

Mizigo ilipakiwa kwanza, tena yote, na tangi likajazwa. Buti likilemewa, nyuma hushuka na taa zikatazama juu, kwa hiyo kuzipima gari likiwa tupu ni kazi bure. Tairi zilijazwa upepo zikiwa baridi, kwa kipimo cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Spea nayo.

Kisha gari likasimamishwa sehemu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, dereva akiwa ndani. Utepe mmoja ulibandikwa ukutani kwenye kimo cha katikati ya taa, mwingine sentimita 10 chini yake. Huo ni mteremko wa asilimia 1, na ukomo wa juu wa mwanga ulipaswa kugusa utepe wa chini. Uligusa wa juu, mpaka kitufe cha kurekebisha taa kilipotolewa 0 kikawekwa 2.

Stika nyeusi za kuziba ile sehemu ya mwanga iliyoinuka zilibandikwa kwenye taa baada ya hapo, taa hizo zikiwa zimezimwa na kupoa, kioo kimefutwa kwa spiriti, kwa kufuata mchoro wa aina ile ya taa. Kukisia mahali pake ni hatari: milimita chache tu, na ule mwinuko unabaki palepale. Ukirudi zibandue mapema, kwani joto huigandisha gundi kwenye plastiki. Baadhi ya magari hayahitaji stika kabisa. Yana wenzo mdogo wa kugeuza mwanga nyuma ya taa, au mpangilio wake kwenye skrini.

Vizibao vya kuakisi mwanga viliwekwa chini ya viti. Vikikaa buti, utashuka barabarani gizani kuvitafuta. Pembetatu za tahadhari na jeki zilipakiwa juu ya mizigo.

Kilichobaki ni karatasi: kadi ya gari, bima inayotambulika huko, na leseni ya kimataifa. Ya mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani wa 1949 hudumu mwaka 1, ya ule wa 1968 hufika miaka 3, na si kila nchi inapokea zote mbili.