Dodoki

Nafundisha darasa la awali Mbagala, watoto wa miaka mitano, wamejaa chumba hadi mlangoni. Nina mbalanga. Ilianzia vidoleni nikiwa na miaka 26, ikapanda hadi viwikoni, sasa imeuzunguka mdomo.

Kila Januari shule ikifunguliwa najua maswali yanakuja. "Mwalimu, umemwagikiwa maziwa?" "Mwalimu, uliungua na uji?" Mwaka huu mmoja wa mstari wa mbele, wakati namwelekeza kushika penseli, aliudaka mkono wangu. Akalamba kidole chake, akasugua doa la kwenye kifundo kwa bidii, ulimi nje. Akakitazama kidole. Kikavu. Akasugua tena.

"Haitoki," akawatangazia wenzake, kwa sauti ya fundi aliyefungua boneti akakuta injini imekufa.

Nikawakalisha mkekani. Nikawaambia ndani ya ngozi kuna vidude vidogo mno vinavyotengeneza rangi. Vyangu sehemu hizi vimekufa, maana askari wa mwili wangu wenyewe wamevipiga wakidhani ni maadui. Haiambukizi. Ila jua la Dar linaniunguza hapo upesi, ndiyo maana hamnioni bila mwavuli. Mmoja akauliza kama hao askari wana bunduki. Hawana. Basi, hamu ikawaisha, wakataka uji.

Wakubwa ndio kazi. Kuna konda alinidondoshea chenji kiganjani kutoka juu, kama anatia chumvi kwenye sufuria, asiniguse. Hakuuliza kitu. Jirani yangu ananiita Maiko, kwa vile Michael Jackson naye alisema mwaka 1993 kuwa anao ugonjwa huu. Huyo namvumilia, angalau anafungua mdomo.

Kesho yake yule fundi wangu akafungua begi. Kati ya daftari na chupa ya maji, dodoki zima, bado bichi kwa povu.

"La mama. Linatoa mpaka masizi."

Nikalipokea kwa mikono miwili.

Mchana mama mtu akaja kumchukua. "Habari za kazi, mwalimu. Samahani, eti huyu..." Macho yakatua mikononi mwangu, akayahamishia kwenye mwembe. Akamfinya mtoto sikio. "Si nimekukataza kuuliza-uliza watu?"

"Hajauliza, mama. Kaleta dodoki."

Nikaingia ndani nikalitoa kwenye kabati la chaki. Lilikuwa limeshakauka.