Mnyororo wa mita 10 ulivyonionyesha samaki wanakaa wapi

Kila niliyemuuliza samaki wanapenda mwamba upi alinijibu vilevile: pima matumbawe hai, samaki utawakuta hapo hapo. Ushauri huo ulinipotezea misimu miwili. Nilikuwa na miamba miwili ya kina kimoja, kila mmoja matumbawe hai yakifunika karibu nusu yake. Mmoja ulijaa pono, kangaja na chewa. Mwingine ulikuwa kama uwanja uliofagiliwa.

Kwanza nilijishuku mwenyewe, na kweli nilikuwa nahesabu vibaya. Nilikuwa natandaza utepe wa mita 50 mpaka mwisho, narudi mwanzo, ndipo nahesabu mita mbili na nusu kila upande. Chewa keshaingia pangoni, pono wameshahama. Nikajaribu kutulia robo saa, wakarudi wale wasio na woga tu, nikaandika kwamba mwamba ule ni wa samaki vipepeo. Haikuwa kweli! Kilichofaa ni kuhesabu wakubwa huku mwenzangu akifungua utepe nyuma yangu, kisha wadogo wa kwenye matawi tunaporudi. Maji nayo yawe ya aina moja, kwa sababu yakijaa pono hupanda juu ya mwamba kukwangua, yakipwa huteremka.

Hesabu ikanyooka, lakini tofauti ikabaki palepale. Ndipo nikachukua mnyororo mwembamba wa mita 10. Wenyewe ulikuwa wa bei nafuu, mitungi ya hewa ndiyo iliyonimaliza mfuko. Unaulaza taratibu ufuate kila shimo na kila kichwa cha tumbawe, halafu unapima kwa utepe ulionyooka kutoka ncha hadi ncha. Kwenye mwamba mtupu mnyororo ulifika mita 9. Kwenye ule wa samaki uliishia mita 6, mita 4 nzima zimemezwa na mapango na matawi. Nilitamani kupiga kelele chini ya maji. Matumbawe ya mwamba mtupu yalikuwa hai, ila yametambaa bapa. Chewa atajificha wapi hapo?

Mnyororo haukueleza yote. Visamaki wanaokula planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, walijipanga ukingo wa nje, mkondo unakowaletea chakula. Kangaja walipenda juu, mwanga unakootesha mwani. Changu na tasi wachanga niliwakuta kwenye nyasi bahari jirani, na mwamba mtupu haukuwa na nyasi karibu. Kwa hiyo kabla ya kuzama, tazama pia kilichouzunguka mwamba.

Kisha joto likapausha sehemu ya ule mwamba mzuri, na matumbawe yake yakafa. Vipepeo wanaokula matumbawe walipungua mapema. Wengine walibaki, kwa kuwa mifupa ya matumbawe bado ilisimama. Naipima kila mwaka kwa mnyororo uleule. Mwaka wa kwanza baada ya kufa ilikuwa bado mita 6, sasa imefika 7 na ushei kwa jinsi matawi yanavyovunjika. Chewa mmoja bado yupo, kwenye pango la mwisho upande wa mkondo.