Hesabu kwa pumzi moja: siku moja maishani mwangu kwenye chumba cha dharura

Saa 1 asubuhi. Napokea zamu. Asubuhi yote ni vidonda na homa.

Saa 5:20. Anaingia baba mmoja akiyumba kama mlevi, mkewe kamshika mkono. "Daktari, midomo imekufa ganzi, vidole vinachonyota." Mke anahofia kiharusi. Lakini ganzi iko pande zote mbili za uso, na hana vipele wala kuwashwa, kwa hiyo si mzio. Nauliza wamekula nini. Kome, waliowachuma wenyewe, kama saa moja iliyopita.

"Lakini tuliwachemsha sana, daktari!"

Neno hilo huniuma kila nikilisikia, maana saksitoksini, sumu inayopatikana ndani ya kome, haiharibiki kwa moto, wala haina ladha wala harufu. Vijimea kama Alexandrium vikishamiri baharini, kome huvichuja na kulimbikiza sumu bila wao kudhurika. Na maji si lazima yawe mekundu ndipo kome wawe na sumu.

Saa 5:40. Sumu hii haina dawa ya kuivunja, tunalinda pumzi. Majibu ya maabara hayasubiriwi. Namwambia avute hewa, ahesabu kwa sauti bila kupumua tena. Anafika 25. Baada ya robo saa, 21. Kisha 14, na sauti imeanza kutokea puani.

Saa 6:30. Anafika 9. Tunampitishia mpira kooni na kumuunganisha na mashine ya kupumulia.

Hapa nawasihi wenzangu. Sumu hii huzuia sodiamu kuingia kwenye mishipa ya fahamu, misuli ikalegea, lakini akili haizimi. Mgonjwa anaweza kulala kama gogo huku anasikia kila neno. Mpeni dawa ya kumtuliza, mwambieni kila mnachomfanyia, na msimjadili kama maiti.

Saa 8. Mke naye alionja, kwa hiyo halali nyumbani leo. Nawapigia simu watu wa afya ya jamii: kome waliobaki sufuriani wapimwe, na wote waliokula watafutwe. Kiwango cha juu cha sumu kinachokubalika katika nchi nyingi ni mikrogramu 80 kwa gramu 100 za nyama.

Saa 1 usiku. "Atapona?" Namjibu mkewe kwamba sumu hutoka kwa mkojo, na wanaovuka saa 24 za mwanzo wakisaidiwa kupumua, wengi hupona kabisa.

Nainama sikioni mwa mgonjwa. "Baba, kama unanisikia, kaza kidole."

Kidole gumba kinatikisika, kidogo sana. Namwonyesha daktari anayepokea zamu.

"Anasikia," namwambia. "Usiku kucha, ongea naye."