Jicho langu lilikatwa kutokea ndani

Nilipoambiwa konea yangu, ule utando angavu wa mbele ya jicho, itakatwa kwa leza bila wembe ili niache miwani, nilidhani ni maneno ya kunipoza. Nimevaa miwani tangu darasa la nne, na namba ilikuwa imefika hasi 5.50.

Nikatiwa dawa ya ganzi, kope zikazuiwa kwa kijichuma, kisha pete ikalinyonya jicho. Hapo giza likaingia. Jamani, mkienda, ulizeni mapema kuhusu giza hilo! Lilinitisha kuliko kisu, ingawa halikufika hata dakika. Maumivu hakuna, harufu hakuna, mgandamizo tu.

Kumbe kazi ilikuwa ikifanyika ndani. Mwanga wa leza ile hauonekani kwa macho, na konea huupitisha kama kioo cha dirisha. Hukata pale tu unapokutana kwenye nukta moja, kwa kuwa kila mpigo hudumu femtosekunde mia chache; femtosekunde ni sehemu ya milioni ya sehemu ya bilioni ya sekunde. Mwanga huweza kuizunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde. Katika femtosekunde 100 husogea mikroni 30 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), haujamaliza hata unene wa unywele. Joto halipati muda wa kusambaa. Tishu ya nukta ile hugeuka mvuke, kikabaki kiputo. Viputo maelfu, safu kwa safu, vikaachanisha kifuniko cha mikroni 100 hivi kutoka kwenye konea yenye mikroni 550 hivi kwa jumla.

Jicho la kushoto gesi ilijaa, pakawa na wingu jeupe. Daktari akasema tusubiri litoweke. Tukasubiri, mimi nikihesabu taa za dari nisizoziona vizuri. Kisha akakiinua kifuniko, leza ya pili, ya urujuanimno, ikaichonga konea kulingana na namba yangu ya miwani. Hiyo ina harufu: nywele zinazoungua.

Chanzo cha haya ni ajali. Mwaka 1993, katika maabara ya Gérard Mourou kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi alipigwa na leza jichoni. Daktari aliyemchunguza akashangaa jinsi kidonda kilivyokuwa kidogo na safi. Mourou na Donna Strickland walipata Nobeli mwaka 2018 kwa mbinu ya kutengeneza mipigo hiyo.

Mimi bado natia machozi ya bandia mara nne kwa siku. Kifuniko kilipokatwa, nyuzi za neva zilikatwa pia, na jicho limesahau kudai maji.