Maji yalipogeuka Mida

Leo asubuhi nimevua kwa mshipi katika hori ya Mida, karibu na Watamu, na mikono yangu bado inanuka chambo cha kamba.

Tuko katika siku za bamvua, ambapo maji ya pwani yetu huweza kupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, hivyo yalipokupwa palibaki tope, mizizi ya mikoko na mkondo mwembamba katikati.

Mjomba alinizuia nisitupe ndoana mapema. "Ngoja maji yageuke," alisema, kwa kuwa samaki huingia na maji yanayojaa, wakifuata kaa na kamba wadogo mizizini.

Nikalitazama povu juu ya maji.
Lilisimama, likazunguka polepole mahali pamoja, kisha likaanza kuelekea ndani.

Haukupita muda, mshipi ukanigusa kidoleni: kwanza mdono mwepesi, halafu mvuto mzito. Alikuwa samaki aitwaye changu, mapezi yamesimama wima. Mdogo aliyefuata tulimrudisha majini, maana mikoko hii ndiyo inayolea samaki wachanga, na kuwaacha wakue ni wajibu wetu.

Ndugu zangu mnaovua Mtwapa, Tudor au Chwaka, ninyi hutupa mshipi maji yakiwa wapi?